Sura ya Saba: Ritifaa ya Ng'ombe

Mzee alivua kofia, akaegemea kaunta ya steshenari, akanitajia jina lake taratibu, silabi kwa silabi, kama mtu aliyezoea kuandikwa vibaya. Jina lilianza na Ng'w, kama yanavyoanza majina mengi ya Wasukuma waliohamia Katavi na mifugo yao. Nilikuwa namjazia fomu ya kikundi cha wafugaji kwenye kompyuta. Nikaandika, nikabonyeza, kisanduku kikawa chekundu. Chini yake yakatokea maneno kwamba jina lina alama isiyoruhusiwa.

"Mzee wangu, mashine inakataa hiki kialama cha juu. Nikitoe?"

"Ukikitoa, mwanangu, hilo linalobaki ni jina la nani?"

Nilikitoa. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na umeme wa Mpanda siku hizo, wa majenereta ya dizeli, haukuwa wa kumwahidi mtu kitu. Fomu ikakubali, mzee akalipa, akaondoka na karatasi yenye jina ambalo si lake. Swali lake nilibaki nalo, na sura hii yote imetokana nalo.

Kialama kile kinaitwa ritifaa. Tumezoea kukiweka kwenye kundi moja na nukta, mkato na alama ya kuuliza, yaani alama za uakifishaji. Lakini ritifaa ya ng'ombe haiakifishi chochote. Haimwambii msomaji apumzike wala apandishe sauti. Ni sehemu ya herufi yenyewe: ndiyo inayotenga sauti ya ng'ombe, ng'ambo na ng'oa na ile ya ngoma, ngozi na ngao. Waganda walichagua kuiandika sauti hiyo kwa herufi moja, ŋ. Sisi tulibaki na herufi mbili na kijistari kinachoning'inia hewani, na hata kitenzi nilichokitumia sasa hivi kinakihitaji. Kisukuma nacho kinakitegemea sana. Neno ng'wana, mtoto, limo ndani ya majina yasiyohesabika. Yule mtu ambaye simulizi zinadai alikausha miti kwa kuinyooshea kidole, na ambaye vitabu vya Kiswahili humwita Mwanamalundi, kwao ni Ng'wanamalundi.

Kompyuta haiyajui hayo. Katika lugha nyingi za kuandikia programu, maneno ya kawaida hufungwa kati ya ritifaa mbili ili mashine ijue yanaanzia wapi na kuishia wapi. Ukiandika 'ng'ombe' kwa mtindo huo, mashine inaona neno limefunguliwa, likasomeka ng, likafungwa. Kisha inakutana na ombe likizurura peke yake, haina la kufanya nalo, inasimama. Wako wahalifu wanaoutumia mwanya huohuo kupenyeza amri zao kwenye kanzidata za watu, na kwa kuwaogopa hao, watengenezaji wengi wa mifumo waliamua kuipiga ritifaa marufuku moja kwa moja. Waairishi wenye majina kama O'Brien wanaijua adha hii vizuri. Dawa yake ipo na ni ya siku nyingi: programu ipokee jina lote jinsi lilivyo, ilitenge na amri, ilihifadhi salama. Kupiga marufuku ni njia ya mkato, na gharama ya mkato huo imelipwa na mzee wa watu pale kaunta.

Usiku ule niliifungua programu yenyewe. Ilikuwa programu huria, maana yake msimbo wake na nyaraka zake ziko wazi, kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzinakili na kupendekeza mabadiliko. Nilitarajia kumkuta mtu aliyekaa akaamua kwamba majina yasiwe na ritifaa. Sikumkuta. Nilikuta mstari mmoja wa kukagua majina, unaoruhusu A hadi Z kubwa, a hadi z ndogo na nafasi, basi. Mstari huo haukubuniwa na mtengenezaji wa programu. Aliunakili, herufi kwa herufi, kutoka kwenye mwongozo wa programu huria nyingine, ambamo ulikuwa umewekwa kama mfano. Aliyeandika mfano ule alihitaji tu kuonyesha jinsi ukaguzi unavyofanya kazi. Aliandika kitu chepesi kinachotosha majina ya watu anaowajua, akaendelea na aya iliyofuata.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nalishikilia mpaka leo: katika programu huria, mwongozo hunakiliwa zaidi kuliko msimbo. Msimbo unasomwa na wachache wenye ujuzi na muda. Mwongozo unasomwa na kila anayeanza, na anayeanza hafikirii, ananakili, kwa sababu bado hajajua kipi ni cha lazima na kipi ni cha mfano tu. Kosa lililo kwenye msimbo linakaa kwenye programu moja. Kosa lililo kwenye mfano wa mwongozo linazaa, linahamia kwenye programu ambazo mwandishi wake hatazisikia kamwe, hadi linafika Mpanda na kumvua mtu jina.

Pamoja na hayo, kazi ya kusahihisha miongozo huhesabiwa kuwa kazi ya mwisho. Mwaka 2017 mtandao wa GitHub, ambako sehemu kubwa ya programu huria za dunia huhifadhiwa, uliwauliza maswali watumiaji na wachangiaji zaidi ya 5,000. Asilimia 93 walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo wanalokutana nalo. Asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra wao kuzigusa, au hawazigusi kabisa. Karibu kila mtu analalamikia njia mbovu, na wengi wao ni nadra kushika jembe.

Wapo wanaodhani alama ndogo haiwezi kuleta madhara makubwa. Nawapeleka kwenye mkwaju. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, karibu na Ziwa Katavi, upo mkwaju ambao wenyeji huuheshimu kwa kuwa ndimo anamokaa Katabi, mzimu ulioipa hifadhi jina, na wapo hadi leo wanaoacha sadaka chini yake wakiomba baraka. Walimu wa Kiswahili nao wana mkwaju wao: ndilo jina la ule mstari wa mshazari, /, tunaouweka kati ya maneno mawili kumaanisha "au". Kwenye kompyuta za Linux mkwaju huo hutenganisha folda na folda iliyo ndani yake, na ukisimama peke yake ni shina la mashine nzima. Mwaka 2011, mradi huria ulioitwa Bumblebee ulitoa programu ya kuendesha kadi za picha kwenye kompyuta mpakato. Hati yake ya usakinishaji ilikusudiwa kufuta folda moja. Ilitakiwa isomeke hivi:

rm -rf /usr/lib/nvidia-current/xorg/xorg

Ikaandikwa hivi:

rm -rf /usr /lib/nvidia-current/xorg/xorg

Tazama tena. Ni nafasi moja tu, kabla ya mkwaju wa pili. Lakini kwa nafasi hiyo, amri ya kufuta folda moja iligeuka kuwa amri ya kufuta vitu viwili, na cha kwanza kilikuwa /usr, mahali ambapo programu karibu zote za mashine hukaa. Watu waliosakinisha toleo lile walipoteza mfumo mzima. Sahihisho lake lilikuwa kufuta nafasi. Hakuna mhariri wa gazeti aliyewahi kufuta nafasi yenye thamani kubwa kiasi kile.

Madhara ya namna hiyo yako pia kwenye maandishi ya maelezo. Mwandishi anaandaa mwongozo kwenye programu ya kuchapia, nayo kwa wema wake inampindia alama za nukuu ziwe na mikia mizuri, inaunganisha vistari viwili kuwa kimoja kirefu. Kwa macho, ukurasa unapendeza. Mwanafunzi ananakili amri iliyomo, anaibandika, mashine inakataa, kwa sababu alama iliyopinda na iliyonyooka ni herufi mbili tofauti kwake. Ritifaa yetu inateseka vilevile: ukitafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka kwenye waraka uliotumia iliyopinda, mara nyingi utaambiwa ng'ombe hakuna, nao wamejaa zizini.

Sasa nije kwenye Kiswahili chenyewe, maana hapa ndipo ninapohisi kazi imetulia ikitungoja sisi. Mwaka 2004 wataalamu wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi vitufe. Naiheshimu kazi ile kwa moyo wote. Kabla yake, mtu asiyejua Kiingereza alikuwa mgeni mbele ya kompyuta katika nchi yake mwenyewe. Tangu hapo programu nyingi zimetafsiriwa, vipande kwa vipande, na watu wa kujitolea. Na kila ninapozifungua nakutana na makosa ambayo mashine haiwezi kuyaona na mgeni hawezi kuyasikia.

Kosa kubwa kuliko yote linatokana na ngeli. Waandishi wa programu hupenda kuandika sentensi yenye pengo, kisha mashine inajaza: "%s imefutwa." Kwenye Kiingereza pengo hilo linapokea chochote, hakuna kinachobadilika. Weka Kiswahili uone. Picha imefutwa, sawa. Lakini mtumiaji imefutwa? Kiungo imefutwa? Jina imefutwa? Ujumbe imefutwa? Mtoto wa darasa la pili pale Kashaulili, hapa Mpanda, angekusahihisha: amefutwa, kimefutwa, limefutwa, umefutwa. Faili lenyewe lina ugomvi wake, wengine wanasema limefutwa, wengine imefutwa, na sitauamua hapa. Jambo ni kwamba mfasiri aliyepewa sentensi yenye pengo amepewa nguo iliyoshonwa bila kupimwa mwili.

Nimeona wafasiri wakikata tamaa na kuandika "i-" popote. Si lazima. Kiswahili kina mlango wa nyuma uliokuwa wazi siku zote: kitenzi-jina. "Kufuta %s kumekamilika." Kufuta picha kumekamilika, kufuta mtumiaji kumekamilika, kufuta ujumbe kumekamilika. Upatanisho umehama kutoka kwenye kitu usichokijua kwenda kwenye tendo unalolijua, na ku- ya tendo haiyumbi hata ujaze nini kwenye pengo. Sahihisho hili halihitaji ujuzi wowote wa kuandika programu. Linamhitaji mtu anayekifikiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Kosa lingine ni la kiambishi kimoja tu. "Ingia nenosiri." Mfasiri alikuwa na neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ya kwanza. Sisi tunatofautisha kuingia na kuingiza: mtu huingia kwenye akaunti, huingiza nenosiri. Kumwambia mtu aingie nenosiri ni kumwambia aingie ufunguo badala ya mlango. Kwenye vitufe vya kukubali, nako, wengi huandika "Ndio". Jibu la kukubali ni ndiyo. Ndio ni la wale ndio wao, na mti huu ndio wenyewe.

Na saa. Kwa hili naomba radhi kwa ukali wangu, maana nimeona likiharibu kazi za watu. Mwongozo wa Kiingereza unasema nakala rudufu itachukuliwa saa 02:00, wakati hakuna mtu kazini. Tafsiri inasema "saa mbili usiku". Saa mbili usiku ni 20:00. Ni wakati wa taarifa ya habari, na mwenye steshenari bado anamalizia kazi za wateja. Saa 02:00 ni saa nane usiku. Tofauti ni saa sita kamili, na haipatikani kwa kutafsiri neno. Inapatikana kwa kujua kwamba Mswahili huhesabu saa za mchana tangu jua likichomoza, na za usiku tangu likizama. Programu huria ya DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayobeba takwimu za vituo vya afya vya Tanzania. Sitaki kufikiria mwongozo wa mfumo wa uzito huo ukikosea saa kwa namna hiyo.

Mkato nao una kesi yake, na kesi hiyo ni ya Katavi hasa. Kitufe cha kutunza kazi kwenye programu nyingi za Kiswahili kinaitwa Hifadhi. Mkoa huu unaishi na hifadhi ya kilomita za mraba 4,471 iliyotangazwa mwaka 1974. Ukimwambia mtu wa Sitalike, langoni mwa hifadhi, "nenda Hifadhi" atakuuliza unataka kuona viboko au tembo. Kwa hiyo mwongozo unapotaja kitufe ni lazima ukifunge kwa alama za nukuu: bonyeza "Hifadhi". Halafu nikakutana na sentensi hii katika mwongozo mmoja, ikiwa imeandikwa bila alama yoyote: Usifute hifadhi kwanza. Je, inanikataza kuifuta hifadhi mapema, au inaniamuru nisifute chochote bali nihifadhi kwanza? Moja linaruhusu kufuta baadaye hifadhi yenyewe. Lingine linalinda kazi ya siku nzima. Mwandishi alikusudia "Usifute, hifadhi kwanza." Mkato ule niliuweka mimi, na mpaka sasa ndio mchango wangu mfupi kuliko yote.

Namna ya kuutuma si ngumu kama inavyosimuliwa. Unafungua akaunti, unachukua nakala ya waraka, unabadilisha, unatuma ombi la mabadiliko pamoja na sentensi mbili za kueleza sababu. Watunzaji wa mradi wanaona mstari wa zamani kwa wekundu na mpya kwa kijani. Wanauliza, wanakubali au wanakataa. Kwa simu yenye bando dogo inawezekana kabisa. Adabu yake ndiyo inayohitaji kufundishwa: badiliko moja kwa ombi moja, usiguse amri zilizo kwenye mifano kwa sababu tu hazikupendezi, na usibadilishe mtindo wa mwenzio ukadai umesahihisha kosa. Oktoba 2020 kampeni ya Hacktoberfest iliahidi fulana kwa atakayetuma mabadiliko manne. Miradi ikafurikwa na maombi ya watu walioongeza neno la sifa kwenye ukurasa wa kwanza ili tu wahesabiwe, hadi waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi ukiwa bado mchanga. Watunzaji wanaojitolea walipoteza siku zao kufukuza takataka. Nalitaja kwa sababu vijana wetu nao waliitamani fulana ile, na nisingependa sahihisho la kweli kutoka Katavi lipokewe kwa shaka kwa ajili ya hayo.

Ombi langu kuhusu majina, nililolituma kwenye mwongozo ule uliozaa kosa, lilikuwa la mistari mitatu. Nilieleza ng' ni nini. Nilieleza kwamba mkoa ninaoishi ulianzishwa mwaka 2012, kwamba sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 na ile ya 2022, ya vishikwambi, ikahesabu 1,152,958, na kwamba hawa wote wanaandikishwa shuleni, zahanati, kwenye vyama vya ushirika na vikundi, mara nyingi kwa programu zilizojengwa juu ya mifano kama ule. Nikapendekeza mfano upokee ritifaa, na jina la kielelezo liwe lenye ng'.

Jibu la kwanza lilikuwa swali: ritifaa ipi, iliyonyooka au iliyopinda? Lilikuwa swali zuri. Simu za watu wa huku hutoa zote mbili kutegemea kibodi, na mfumo wa Unicode una ya tatu, iliyotengwa mahsusi kwa lugha ambazo ritifaa ni herufi. Nikajibu kwamba programu ipokee zote tatu na itunze moja. Mchangiaji mwingine akaongeza chini yangu kwamba ukoo wao una O na ritifaa, na kwamba naye amekataliwa na fomu maisha yake yote. Baada ya wiki kadhaa mstari mwekundu ukaondoka, wa kijani ukabaki.

Programu ya kwenye kompyuta ile ya steshenari, iliyokuwa imenakili mfano ule, ilichukua muda kuufuata na kusasishwa. Siku iliposasishwa niliandika jina la mzee lote, nikabonyeza. Kisanduku hakikubadilika rangi. Nikaprinti karatasi moja, nikaiweka kwenye droo ya kaunta, ndani ya bahasha, imngojee siku atakayopita akitoka mnadani.